KUPATA SAUTI NJEMA KATIKA GARI DOGO LA SPOTI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi fizikia tunayofundishwa darasani inavyoweza kumsaidia mwenye gari dogo la spoti kupata sauti njema ya redio na muziki, bila kutupa fedha zake na bila kuliunguza gari lake. Najua wenzangu watauliza: mwanafunzi wa bweni, asiye na hata baiskeli, ana habari gani na magari ya spoti? Jibu ni kwamba mjomba wangu analo moja, na likizo iliyopita nilipata ruhusa ya kumsaidia fundi aliyelishughulikia. Kwa siku nne kazi yangu ilikuwa kushika taa, kupima urefu wa waya na kuuliza maswali. Niliporudi shuleni nilifungua madaftari yangu ya Kidato cha Pili na cha Tatu, nikaona kwamba karibu kila jambo alilolifanya yule fundi limo humo, ila sisi tulikuwa tumelikariri kwa ajili ya mtihani tu.

Kwanza yafaa nieleze gari lenyewe, maana wengi hawajaliona. Ni Mazda MX-5, gari la viti viwili lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma. Lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Chicago, Marekani, mwezi wa Februari mwaka 1989, na kwao Japani likauzwa kwa jina la Eunos Roadster. Mwaka 2016 kiwanda kilitimiza gari la milioni moja la aina hiyo. La mjomba ni la umbo la kwanza, lile ambalo taa zake za mbele huinuka zinapowashwa na kulala zinapozimwa. Watoto wa mtaani kwake hulipenda kwa ajili ya macho hayo kuliko kwa ajili ya mbio zake.

Shida ilianza na redio. Gari lilitoka Japani pamoja na redio yake, na redio za zamani za Japani hushika masafa ya FM kuanzia megahezi 76 hadi 90. Huku kwetu stesheni za FM zimepangwa baina ya megahezi 87.5 na 108. Kwa hiyo redio ya namna hiyo husikia kipande kidogo tu cha mwanzo wa masafa yetu, na huko juu ni kiziwi kabisa. Wenye magari kutoka Japani wanalijua jambo hili, na wengi hununua kifaa kidogo kiitwacho ekspanda, ambacho huyateremsha masafa ya stesheni zetu mpaka redio iweze kuyapokea. Kifaa hicho ni rahisi, lakini hesabu yake haikubali. Kutoka 87.5 hadi 108 ni megahezi 20.5, kutoka 76 hadi 90 ni 14. Debe la lita 14 halipokei lita 20 na nusu, hata ulimimine kwa ustadi gani. Lazima stesheni nyingine zibaki nje. Fundi alisema afadhali kubadili redio nzima, na kwa kuwa nafasi za redio katika magari mengi zimefanywa kwa kipimo kimoja, yaani upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50, au mara mbili ya kimo hicho, redio mpya haikosi kupatikana.

Redio mpya ikaja. Ikashika stesheni zote, ikapokea na muziki kutoka kwenye simu kwa Bluetooth. Lakini gari lilipotoka mjini na paa limekunjwa, mjomba hakusikia neno la taarifa ya habari. Alipokwenda dukani kuuliza, akaambiwa dawa yake ni amplifaya ya wati 1000 pamoja na sabufa kubwa, na bei yake ilikuwa karibu na mshahara wake wa miezi miwili. Alikuwa amekwisha kutoa nusu ya fedha hizo kutoka benki alipokutana na huyu fundi. Fundi akamwambia, “Mzee, hizo zirudishe kwanza. Nipe milango ya gari siku mbili.”

Sasa tutazame kwa nini alisema hivyo.

Kelele hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Ukizidisha nguvu ya umeme inayokwenda kwenye spika mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu. Ukiizidisha mara kumi, sauti huongezeka desibeli 10, na hapo ndipo sikio la mtu wa kawaida husema kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili. Maana yake ni hii: mtu aliyekuwa na wati 20, akanunua wati 200, masikio yake hayatamwambia kwamba amepata mara kumi. Yatamwambia amepata mara mbili. Wauzaji hawalisemi jambo hili, na sidhani wote wanalijua.

Upande wa pili yupo adui mwenyewe, yaani upepo. Katika gari lililo wazi, mwendo wa kilomita 100 kwa saa, upepo peke yake waweza kufika desibeli 85 au kuzidi. Ili muziki usikike vizuri hauna budi kuushinda upepo huo. Ukiupandisha mpaka desibeli 97, utasikika bila shaka, lakini masikio yatalipa. Taasisi ya Marekani inayoshughulika na afya ya wafanyakazi, NIOSH, ilitoa mwongozo mwaka 1998 kwamba mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo ukatwe nusu. Basi tuhesabu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, desibeli 94 ni saa 1, na desibeli 97 ni nusu saa. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi, na hakuna anayefika kwa nusu saa, labda awe anatafutwa na polisi. Nywele laini za ndani ya sikio zinazopokea sauti, zikifa, haziwi kama nywele za kichwani, haziioti tena.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ya fundi haikuhusu umeme hata kidogo. Alimwambia mjomba apandishe vioo vya milango hata wakati paa limekunjwa, kisha akasimamisha nyuma ya viti kibao cha plastiki angavu cha kuzuia upepo unaozunguka na kurudi kichwani. Kila desibeli unayoipunguza katika upepo ni desibeli ambayo huna haja ya kuinunua katika amplifaya, na masikio hushukuru mara mbili.

Jambo la pili ni umbali. Katika mahali pa wazi, ukiufanya umbali wako na chanzo cha sauti kuwa nusu, sauti huongezeka desibeli 6. Spika ya mlangoni iko chini karibu na goti, kama mita 1 kutoka sikioni. Spika iliyofichwa ndani ya mto wa kichwa iko sentimita 25 tu. Hapo umbali umekatwa nusu mara mbili, na sauti imeongezeka desibeli 12, ambazo ni sawa na nguvu mara 16. Ikiwa spika zote mbili ni za uwezo mmoja, wati 1 kichwani hufanya kazi ya wati 16 mlangoni. Waliounda gari hili walilijua hilo, maana baadhi ya magari ya umbo la kwanza yalitoka kiwandani na spika ndogo ndani ya mito ya vichwa. La mjomba lilikuwa nazo, ila zilikuwa bubu. Karatasi zake zimeoza. Fundi alizibadili kwa nyingine mpya zisizoogopa maji, akazifunga zisikike kwa sauti ya chini, kwa kuwa zikizidi, mtu huona kana kwamba mwimbaji ameketi ndani ya buti. Spika hizo ni ndogo mno kutoa besi. Kazi yake ni maneno: taarifa ya habari, na mashairi ya wimbo.

Besi hutoka mlangoni, na hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa kuwa ndipo kazi yenyewe ilipofanyika.

Spika ni kitu chepesi kueleweka. Ndani yake mna sumaku, na ndani ya nafasi ya sumaku mna msokoto wa waya uliogandishwa kwenye koni. Mkondo ukipita katika waya uliomo ndani ya uga wa sumaku, waya husukumwa. Mkondo ukigeuka, nao husukumwa kinyume. Basi koni huenda mbele na nyuma kwa kufuata mkondo, na hewa hutikisika. Hayo tuliyasoma. Lakini kuna jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiri: koni inapoisukuma hewa ya mbele, papo hapo huivuta hewa ya nyuma. Kwa hiyo kila spika hutoa sauti mbili, moja mbele na moja nyuma, nazo ni kinyume. Zikikutana, hufutana.

Kama zitakutana au hazitakutana, hilo lategemea urefu wa wimbi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Sauti nyembamba yenye mitikisiko 5000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 6.8 tu, nayo huenda mbele yake bila kuuzunguka ukingo wa spika. Besi yenye mitikisiko 50 kwa sekunde ina wimbi la mita 6.8, refu kuliko gari zima la mjomba. Wimbi refu hivyo huuzunguka ukingo wa spika kama maji ya mto yanavyouzunguka mti uliosimama ndani yake, likakutana na ndugu yake wa nyuma na kumalizana.

Fundi alinionyesha jambo hili kwa macho. Alishika spika mkononi ikiwa imeunganishwa na redio, ikalia kama nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Kisha akaiweka juu ya tundu alilolitoboa katikati ya ubao mpana, redio isiguswe hata kidogo. Besi ikaja. Spika ile ile, nguvu ile ile. Kilichoongezeka ni ubao wa kuzitenga sauti mbili.

Sasa utazame mlango wa gari. Ukitoa ubao wake wa ndani utaona bati lenye matundu makubwa ambayo mafundi wa kiwandani waliyaacha ili mikono yao ipite wanapofunga kioo na kitasa. Matundu yale yamefunikwa kwa karatasi ya nailoni tu, na katika gari lililokwisha pita miaka thelathini nailoni hiyo huwa imechanika. Basi sauti ya nyuma ya spika hutoka kwa matundu hayo na kuifuta ya mbele. Zaidi ya hayo bati la nje ni jembamba, nalo hutikisika na kupiga makelele yake lenyewe. Mtu akifunga spika ya bei kubwa katika mlango wa namna hiyo, na amplifaya ya wati 1000 nyuma yake, atakuwa anaongeza nguvu za pande zote mbili zinazofutana.

Kwa hiyo fundi alisafisha bati kwa spiriti, akabandika upande wa ndani wa bati la nje vipande vya mpira mzito wa butili wenye uso wa alumini, vile vinavyouzwa kwa ajili ya kuzuia makelele. Hakuna haja ya kulifunika bati lote. Robo yake au zaidi kidogo, hasa katikati, hutosha kulifanya liache kulia kama debe. Unaligonga kwa kifundo cha kidole kabla na baada, na tofauti unaisikia: kwanza “ting”, halafu “dup”. Kisha matundu makubwa akayaziba kwa vipande vya bati jembamba na mpira ule ule. Lakini matundu madogo ya chini kabisa ya mlango hakuyagusa, na alinikataza hata kuyakaribia. Maji ya mvua huingia mlangoni kila siku kwa mwanya wa kioo, na hutoka kwa matundu hayo. Ukiyaziba, mlango utakuwa tangi la maji, na kutu itakula bati kutoka ndani usikokuona.

Spika za mlangoni za gari hili ni za sentimita 16 na nusu. Hapa wengi hukosea kwa kuangalia upana tu. Mlango wa gari dogo ni mwembamba, na kioo kinaposhuka hupita nyuma ya spika. Sumaku ikiwa nene, kioo kitaigonga. Fundi alishusha kioo mpaka mwisho ndipo akapima kina kwa rula, na spika ya kwanza iliyoletwa aliirudisha kwa sababu ya milimita 6. Baadaye alikata pete ya mbao za tabaka, akaipaka rangi ya mafuta mara tatu isinyonye maji, akaiweka kati ya bati na spika pamoja na gasketi ya sponji. Juu ya spika akabandika kijiparaza cha plastiki cha kuzuia matone.

Usidharau jambo la kujumlisha na kutoa. Spika mbili za milango zikiunganishwa kinyume, moja husukuma wakati nyingine inavuta, na besi hufutana ndani ya gari ingawa milango imezibwa vizuri. Njia ya kujua ni kuchukua betri ndogo ya volti 1.5 na kugusa nayo nyaya za spika kwa nukta moja tu. Koni ikitoka nje, waya uliogusa upande wa kujumlisha wa betri ndio wa kujumlisha.

Sauti nyembamba zina tabia nyingine: huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Zikitoka mlangoni, goti la dereva huzizuia. Kwa ajili hiyo fundi aliweka spika ndogo za sauti nyembamba, ambazo mafundi huziita twita, juu kwenye pembe ya dirisha karibu na kioo cha pembeni. Kila moja aliilinda kwa kapasita ya mikrofaradi 10 ili besi isiifikie na kuiua. Kapasita hiyo pamoja na spika ya omu 4 huanza kuzuia sauti zilizo chini ya mitikisiko 4000 hivi kwa sekunde. Hesabu yake ni ya kidato cha juu kuliko changu, lakini mwalimu wetu wa fizikia ameikagua na kuipitisha.

Baada ya kazi ya milango, na kabla ya kununua amplifaya yoyote, redio iliwashwa. Sitaki kutia chumvi. Gari lilikuwa limesimama uani, lakini mjomba alitoka ndani ya nyumba kuja kuuliza sabufa imewekwa wapi.

Sasa habari za wati. Juu ya sanduku la redio mpya iliandikwa kwamba inatoa wati 50 mara 4. Mwanafunzi yeyote wa Kidato cha Tatu aweza kuipima kauli hiyo. Gari likiunguruma, umeme wake ni kama volti 14.4, na spika ina ukinzani wa omu 4. Nguvu ni volti mara volti, kugawanya kwa omu: 14.4 mara 14.4 ni 207, gawanya kwa 4, utapata wati 52 hivi. Kumbe 50 yao wameitoa hapo! Lakini hiyo ni nguvu ya redio inayopiga kelele tupu bila kushuka wala kupumzika. Kwa wimbi safi la sauti, volti inayofanya kazi ni 14.4 kugawanya kwa 1.41, yaani 10.2, na nguvu yake ni wati 26. Toa na inayopotea ndani ya redio, utabaki na wati 20 au pungufu. Ukitaka shahidi mwingine tazama fyuzi iliyo nyuma ya redio. Ikiwa ni ya ampea 10, redio nzima haiwezi kula zaidi ya wati 144 kwa muda mrefu. Hizo 200 zitatoka wapi?

Amplifaya ya kweli ina kifaa ndani yake cha kupandisha volti, ndiyo maana huweza kupita mpaka huo. Mwishowe mjomba alinunua moja ndogo ya wati 50 za kweli kwa kila mlango. Kutoka wati 20 hadi 50 ni ongezeko la desibeli 4. Lakini sikilizeni hili: fundi alikuwa amechagua spika ambazo kwa wati 1, umbali wa mita 1, hutoa desibeli 92, na akaziacha nyingine za bei ile ile zilizoandikwa 88. Tofauti yake ni desibeli 4 pia, na hazikugharimu kitu ila kusoma karatasi.

Nimebakisha jambo la hatari. Watu hudhani kwamba umeme wa gari ni mpole kwa kuwa volti 12 hazimrushi mtu. Ni kweli hazimrushi mtu, lakini huchoma gari. Betri ya gari ina ukinzani mdogo mno ndani yake. Waya wa kujumlisha ukichubuka na kugusa bati, na ukinzani wa njia nzima ukawa omu 0.02, mkondo utakuwa 12 kugawanya kwa 0.02, yaani ampea 600. Waya huwaka mwekundu kabla hujapata nafasi ya kuzima chochote. Ndiyo maana fyuzi huwekwa karibu sana na betri, isizidi sentimita 45. Ikiwekwa kule mwisho karibu na amplifaya, waya wote ulio katikati hauna mlinzi. Fyuzi haikuwekwa kwa ajili ya amplifaya. Imewekwa kwa ajili ya waya. Na kila mahali waya unapopita kwenye tundu la bati, pawe na mpira wa kuzunguka tundu.

Unene wa waya nao huhesabiwa. Tuseme amplifaya yavuta ampea 30 kwa waya wa shaba wa mita 5, wenye eneo la milimita za mraba 2.5. Ukinzani wake ni omu 0.034. Volti 1 nzima hupotea njiani, na joto la wati 30 humwagwa chini ya zulia, nguvu ile ile ya chuma cha kuchomea risasi. Ukitumia waya wa milimita za mraba 8, joto hilo hushuka chini ya wati 10. Na uwe mwangalifu unaponunua, maana zipo nyaya nene zenye rangi nzuri ambazo ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba halisi. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe, rudisha.

Katika gari hili kuna bahati moja. Betri yake haiko mbele penye injini, bali iko nyuma ndani ya buti, upande wa kulia. Amplifaya ikikaa humo humo, waya wa mita 1 hutosha. Lakini bahati hiyo ina sharti. Betri inapojazwa umeme hutoa hidrojeni, na kwa kuwa iko ndani ya buti lililofungwa, imewekewa mipira myembamba ya kuipeleka hewa hiyo nje ya gari. Anayefanya kazi humo hana budi kuhakikisha mipira imerudi mahali pake, na kabla ya yote afungue waya wa kutoa wa betri. Fundi alinituma mimi nikague mipira hiyo mara mbili, na mara ya pili akaja kuikagua mwenyewe.

Kuhusu sabufa maneno ni machache. Buti la gari hili limetengwa na viti kwa bati, kwa hiyo sabufa ikiwekwa buti, atakayefaidi ni mwenye pikipiki aliye nyuma. Mahali panapofaa ni miguuni pa abiria, kasanduku kembamba. Mjomba ameamua kungoja, kwa sababu mke wake ameuliza miguu yake yeye itakaa wapi.

Mwenye kutaka kujaribu lile jambo la spika na ubao aje maabara ya fizikia Jumamosi baada ya usafi. Spika kuukuu ya sentimita 16 ipo, ubao wenye tundu nimekwisha kuutengeneza, na mwalimu ameturuhusu kutumia redio ya Chama cha Sayansi. Wazazi watakaokuja Siku ya Wazazi watakuta vitu hivyo juu ya meza iliyo karibu na mlango.